Maalim Aliyecheza Ng'ombe

Anayetaka kujua Unguja inavyowakumbuka watu wake na asikilize matangazo ya vifo redioni. Mtangazaji husoma kwa sauti isiyopanda wala kushuka: fulani bin fulani amefariki dunia, maziko saa kumi, kijiji fulani. Kisha unafuata ukoo. Marehemu ni baba wa fulani wa Jang'ombe, mjomba wa fulani wa Mkwajuni, kaka wa fulani aliyeko Maskati, mkwe wa fulani wa bandarini. Orodha hiyo huweza kuchukua dakika nzima, na ikimalizika unajua barabara nani wa kumpa mkono wa taazia, lakini hujui marehemu alikuwa akifanya nini hapa duniani. Silaumu. Tangazo lile limetungwa ili watu wawahi kuzika, na kwa kazi hiyo halina mpinzani.

Tangazo la mtu ninayemwandika hapa nililisikia barazani, Mji Mkongwe, kikombe cha kahawa mkononi. Jina lake naliacha, kwa kuwa ni mali ya familia yake na mwenyewe hakupenda kutajwatajwa. Redioni lilitanguliwa na neno moja tu la kazi: Maalim. Nikasema, "Inna lillahi! Huyu alinisomesha." Muuza kahawa, Mpemba, akalitua dele lake, akanitizama kama mtu aliyesikia habari ya uongo.

"Alikusomesha? Mie namjua kwa kucheza ng'ombe."

Wote wawili tulikuwa tunasema kweli, na tulikuwa tunamjua mtu huyo huyo kwa zaidi ya miaka thelathini.

Nianze na hilo neno. Bara husema mwalimu. Huku tunasema maalim, na neno letu linawafunika wote, anayefundisha alifu chuoni na anayefundisha aljebra skuli. Mtu akishapewa, ni vigumu kulivua. Seif Sharif Hamad, mzaliwa wa Mtambwe, Pemba, mwaka 1943, alisomesha tangu 1964 hadi 1972. Baada ya hapo akawa Waziri Kiongozi, akawa mfungwa, akagombea urais wa Zanzibar mara sita, na alipofariki tarehe 17 Februari 2021 alikuwa Makamu wa Kwanza wa Rais. Miaka minane ya chaki kwa karibu nusu karne ya siasa, lakini waliomsindikiza Mtambwe walikwenda kumzika Maalim Seif. Vyeo vyote vile vilibaki kwenye magazeti. Bara nako Julius Nyerere aliacha ualimu mwaka 1955, akiwa amesomesha Tabora na Pugu kwa miaka michache tu, na aliitwa Mwalimu mpaka alipofariki 1999.

Lakini neno hili lina upendeleo wake. Aboud Jumbe alikuwa mwalimu kabla ya siasa. Idris Abdul Wakil, mtoto wa Makunduchi, naye alikuwa mwalimu. Wote wawili walikuwa marais wa Zanzibar, na wote wawili ualimu uliwatoka midomoni mwa watu. Ukumbi wa Kikwajuni umeandikwa Sheikh Idris Abdul Wakil, na ukimsikia mtu anasema Maalim Idris hapana budi kumuuliza ni Idris yupi. Kwa nini cheo kimng'ang'anie huyu na kimvuke yule? Maelezo niliyonayo ni haya tu: maalim ni cheo kinachotolewa na wanafunzi, na wanafunzi hawana kanuni za utumishi.

Hao ni walimu waliotoka darasani. Wangu hakutoka, na kwa hiyo hana ukumbi.

Alizaliwa Pemba, kusini, na akapangiwa kazi kusini ya Unguja katika miaka ya 1970, kijiji ambacho watu wa mjini wangekiita shamba. Kwetu kila kilicho nje ya mji ni shamba, hata mahali ambapo hakuna kinachoota isipokuwa jiwe. Skuli za serikali zilipoanza kupelekwa huko enzi ya ukoloni, wazazi wengi hawakuzitaka. Walikuwa na chuo, na chuo kilifundisha kile kitakachoulizwa kaburini. Serikali ilijifunza polepole kwamba skuli isiyo na Kurani haijai watoto. Ikaja skuli ya Dole kwa vijana wa mashamba, vikaja vyuo vya walimu, kile cha Beit el Ras kikiwa ndicho mashuhuri, na leo ni kampasi ya Nkrumah ya Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar. Kisha tarehe 23 Septemba 1964 Mzee Karume akatangaza elimu bila malipo. Watoto wakajaa skuli kwa ghafla, na wakati huohuo walimu wengi wenye uzoefu walikuwa wakiondoka nchini. Aliyepelekwa shamba katika miaka iliyofuata alikuwa, mara nyingi, kijana mwenye mafunzo ya kuunga na darasa la watoto waliokaa chini. Maalim wetu alikuwa mmoja wao.

Alifundisha hesabu na Kiswahili, na ikilazimu, chochote. Visehemu alitufundisha kwa pishi na kibaba, vyombo halisi, na mchele halisi uliorudi kwa mwenyewe baada ya kipindi. Vibaba vinne pishi moja; kwa hiyo kibaba ni nini cha pishi? Mama zetu walikuwa wakijua jibu bila ya kusoma, na tulipolipeleka nyumbani kama elimu mpya walitucheka.

Uwanja ndio uliokuwa kazi yake ya pili, na nasema kazi kwa maana ya jasho. Kusini ya Unguja udongo ni mwembamba kama unga uliopeperushiwa juu ya matumbawe. Kila masika yakipita, mawe mapya huchomoza mahali ambapo mwaka jana palikuwa sawa. Alipofika alikuta kiwanja ambacho mbuzi walikipita kwa tahadhari. Akaweka sheria: aliyechelewa skuli hachapwi. Anang'oa jiwe moja, analibeba mpaka ukingoni, ndipo anaingia darasani, na jiwe lenyewe lisipungue kichwa chake kwa ukubwa. Hivyo uwanja ule ulisawazishwa na wachelewaji, na ukuta wa mawe unaouzunguka mpaka leo ni daftari la utovu wa nidhamu la vizazi viwili. Mchango wangu uko nyuma ya goli la magharibi. Si mdogo.

Asidhani mtu alikuwa malaika. Bakora alikuwa nayo, na aliyesema uongo aliionja. Alikuwa na hasira ya haraka, na alimpendelea mlinda mlango hata pale ambapo sote tuliona mpira umempita katikati ya miguu.

Mpira wa kweli ulikuwa mmoja, ukifungiwa kabatini pamoja na chaki, na ulitoka siku ya mechi tu. Mazoezi yalikuwa kwa mpira wa matambara uliofungwa kamba ya usumba, ambao ukilowa maji ulikuwa mzito kama deni. Wasichana walikuwa na netiboli: ringi ya pipa iliyopigiliwa mnazini, kimo cha kukadiria. Kila mwaka ikikaribia Septemba tulifanyishwa mazoezi ya mashindano ya Elimu Bila Malipo, riadha na mpira, na mwenye bahati aliitia miguu yake katika uwanja wa Amaan, ule ambao Wachina walitusaidia kuujenga na ukafunguliwa 1970. Nyasi! Mwenzetu mmoja aliyerudi kutoka huko alitueleza habari ya nyasi kama mtu aliyetoka Makka.

Mafunzo yake ya mpira yalikuwa mafupi na ya ajabu. "Usimtizame mtu macho wala mguu," alikuwa akisema. "Macho yanadanganya, mguu unadanganya. Kiuno hakina akili ya kudanganya." Hatukujua aliyatoa wapi haya. Kitabu cha mpira skuli haikuwa nacho.

Tulijua jambo jingine. Kila kiangazi, mavuno yakishatoka, Maalim alikuwa akiumwa. Ugonjwa wake ulikuwa na kalenda. Ulianza Alhamisi, ukamchukua bandarini Malindi, na ulipona Jumatatu au Jumanne, na mgonjwa alirudi amechubuka mkono na uso umemnawiri. Wakubwa wake, naamini, walijua. Mkaguzi mmoja alipouliza, aliambiwa mwalimu yuko Pemba kwa matibabu, na hilo nalo lilikuwa na ukweli wake.

Nilipokuwa kidato cha pili alitupeleka sote. Timu ya skuli ilialikwa Pemba kwa mechi ya kirafiki, tukapanda Mapinduzi, meli ya serikali, tukalala juu ya mikeka na mizigo ya watu mpaka Mkoani. Mechi tulifungwa, na idadi ya mabao haina faida kwa msomaji. Siku ya pili tukaambiwa kuna tamasha upande wa Kengeja.

Pahala penyewe ni uwazi mpana, watu wamejipanga kuuzunguka, vijana wamepanda miti. Zumari inalia, na zumari ya Pemba ikishaanza haipumziki kwa ajili ya mtu. Wanawake wanaimba na kupunga kanga. Katikati ng'ombe dume, nundu imesimama, amefungwa kamba ndefu ambayo ncha yake imeshikwa na wanaume. Hakuna mkuki wala upanga. Mchezaji anaingia na nguo mkononi, anamchokoza ng'ombe mpaka aje, na akija anampisha. Anayecheza vizuri anapisha kwa karibu. Ng'ombe hauawi, jioni anarudi kwake kula majani, na pengine kesho anavuta gari.

Akaingia Maalim. Shati lile lile la skuli, kikoi amekikunja hadi magotini, kanga ya mtu begani. Hatukupiga kelele, tulikuwa tumeshikwa na haya, kama watoto waliomkuta baba yao akicheza ngoma. Ng'ombe akachimba vumbi. Maalim akasogea hatua mbili, akasimama kando kidogo, mwili ameugeuza upande, nguo ameishusha chini. Dume likaja. Mimi niliziona pembe tu. Yeye alikuwa akitizama mahali pengine, na kabla ya kichwa cha ng'ombe kupinda, yeye alikuwa ameshapinda. Likapita. Akageuka, likapita tena. Mara ya tatu pembe ikalichukua shati, likapasuka kutoka kwapani mpaka kiunoni, na wanawake wakapiga vigelegele ambavyo sijapata kuvisikia hata harusini.

Alitujia akihema, shati linaning'inia.

"Mmeona nilikuwa natizama wapi?"

Hakuna aliyejibu.

"Begani. Pembe husema mwisho, bega husema mwanzo. Haya, na nyinyi jana mlikuwa mkitizama nini?"

Husemwa kwamba mchezo huu tuliachiwa na Wareno, na kila anayeandika habari za Pemba hulirudia hilo kwa furaha. Huenda. Walikuwa pwani hii tangu mwanzo wa miaka ya 1500 mpaka Ngome ya Mombasa ilipoanguka 1698, na kwao, tofauti na Hispania, ng'ombe hauawi uwanjani. Walituachia meza, karata, bendera na leso. Walituachia pia neno gereza, ambalo kwao lilikuwa kanisa. Ngome Kongwe ya Forodhani, iliyojengwa na Waomani mahali palipokuwa na kanisa la Wareno, wazee waliiita Gereza bila ya kujua walikuwa sahihi mara mbili. Lakini Mreno hakuleta zumari, hakuleta kanga, wala hakuleta dua ya mvua ambayo baadhi ya vijiji viliufungamanisha nayo mchezo. Mtu aliyewahi kuishi na ng'ombe na vijana wasio na kazi wakati wa kiangazi hahitaji Mreno amfundishe wafanye nini.

Marekani wana wao, wachunga ng'ombe wa kwenye filamu, ambao humpanda dume anayeruka na hutakiwa kukaa juu yake sekunde 8 kwa mkono mmoja. Hapo pana saa, waamuzi, alama na zawadi ya fedha. Pemba hakuna saa. Unacheza mpaka ng'ombe achoke au wewe upate akili, na malipo ni noti chache zinazobandikwa usoni na jina ambalo halivuki bahari. Ndiyo maana Maalim wetu aliweza kuwa mashuhuri Kengeja na asijulikane Unguja kwa jambo hilo, masafa ya usiku mmoja wa meli.

Hitima yake niliikuta siku ya tatu. Baada ya kisomo na wali, watu walikaa chini ya miembe mafungu matatu, kila fungu na maalim wake. Tuliosoma kwake tulikuwa karibu na mlango. Waliochezea timu ya kijiji, wengi wao watu wazima wenye magoti mabovu, walikuwa wamekalia ukuta wa mawe. Wapemba waliovuka na boti ya asubuhi walikaa upande wao na hawakumjua hata mmoja wetu. Mazungumzo yalichanganyika pale mtu alipotaja ubavu wake uliovunjika, ule uliomfanya atembee ameinama upande mwaka mzima.

Sisi tulijua kwa yakini kwamba alianguka mnazini. Alituambia mwenyewe, darasani. Wachezaji wakatucheka: aligongana na mlinda mlango wa timu ya jirani, walikuwapo, na mwenyewe ndiye aliyesema kwamba aliumia pale. Wapemba wakasubiri tumalize, kisha mmoja wao akaeleza rangi ya ng'ombe, mwaka, na upande wa pembe. Ubishi ukapanda hata mtoto wake mkubwa akaona aende ndani kwa mama yake, aliyekuwa eda, akamuulize. Akarudi amejikaza asicheke.

"Mama anasema aliteleza kisimani."

Kwa hiyo sisi mafungu matatu, sote tuliompenda, sote tulikuwa tumepewa hadithi. Namkubalia. Mtu mwenye kazi tatu na mshahara wa moja ana haki ya kuchagua nani amjue kwa lipi. Tabu ni kwamba akifa, kila fungu linaondoka na kipande chake, na hakuna mahali vipande hivyo vinapokutana. Wizara ina jalada la mwalimu: tarehe ya kuajiriwa, daraja, tarehe ya kustaafu. Mpira haumo, kwa kuwa hakulipwa kwa mpira. Ng'ombe hawamo, kwa kuwa siku za ng'ombe alikuwa mgonjwa. Kwenye mpira nako tunahesabu vikombe. Tunakumbuka Kombe la Chalenji la 1995, na tunakumbuka Desemba 2017 tulipofika fainali kule Machakos tukashindwa na Kenya kwa penalti. Mwaka huohuo CAF, shirikisho la mpira la Afrika, ilitupokea uanachama mwezi Machi na ikatutoa mwezi Julai, ikisema hatukupaswa kuingia. Ikiwa visiwa vizima vinaweza kufutwa orodhani kabla mwaka haujaisha, kocha wa kijiji asingojee kuandikwa. Ila wachezaji hawaoti katika nyasi za Amaan. Mtu fulani, mahali fulani pa mawe, aliwang'olea mawe.

Tulipokuwa tunaaga, mtoto wa marehemu alinitolea kitu kutoka kabatini. Daftari la mahudhurio la skuli, la miaka ya 1980, jalada limeliwa na mchwa pembe moja. Mbele ni majina yetu na alama za vema na za mkato. Langu lina mikato mingi. Nililigeuza. Nyuma, kwa mwandiko uleule wa ubaoni, kulikuwa na vikosi vya timu, mechi baada ya mechi, nani alicheza wapi na nani alitoka. Kisha, kurasa nne za mwisho, safu ya majina nisiyoyatambua. Nilidhani ni wachezaji wa Pemba, mpaka nikaona kilichoandikwa mbele ya kila jina: kulia, kushoto, kushoto, "huanza kulia hugeuka". Yalikuwa majina ya ng'ombe.

Tulikubaliana kwamba daftari lile litapelekwa Nyaraka za Taifa, Kilimani, baada ya eda kumalizika. Wewe unayesoma, ikiwa kwenu kuna kabati la mwalimu aliyekufa, lifungue. Tizama nyuma ya madaftari, si mbele tu. Picha ya timu, barua ya mkaguzi, karatasi yoyote yenye mwandiko wake: ifunge vizuri, andika kwa penseli nani ni nani, ipeleke Kilimani. Na fanya hivyo kabla ya masika. Mchwa hawangoji arubaini.